Krosi Niliyompigia Chirau

Mkitaka kunikasirisha, nipelekeni uwanjani jioni mnionyeshe vijana wa siku hizi wakipiga mpira kwa kichwa. Wanafumba macho. Wanaukingia utosi, kama mtu aliyekaa chini ya mwembe akangoja kudondokewa. Mpira unawapiga wao, kisha wanashika kichwa na kupepesuka, na watu wanawapigia makofi! Mimi huinuka nikaenda zangu nyumbani. Nimewahi kucheza na mtu aliyejua, na tabu ya kuona kitu kikifanywa sawasawa ni hiyo, kwamba baadaye hukiwezi kingine chochote.

Mtu huyo alikuwa Chirau, mkwezi wa minazi wa hapa Msambweni. Hakuwa mrefu. Alikuwa na shingo nene, miguu ya mtu anayepanda minazi thelathini kabla ya adhuhuri, na ulimi wa polepole. Jambo moja tu lilimfanya aseme sana, nalo ni hilo la kichwa.

"Kichwani hapana pahali pengi pa kupigia mpira," alikuwa akisema. "Pana pahali pamoja." Hapo atakugusa kwa vidole viwili katikati ya paji la uso, juu ya nyusi, chini ya pale zinapoanzia nywele. Hapo mfupa ni mnene, na macho yanauona mpira unakuja. Utosini hapana, utapata kizunguzungu. Panjani ndiyo hapana kabisa, hapo mfupa ni mwembamba. Kinywa ukifunge usije ukajing'ata ulimi. Shingo uikaze iwe kitu kimoja na mabega. Mikono uitandaze, si ya kumpiga mtu, bali ya kukujulisha nani yuko ubavuni mwako, na upige kelele mapema, "Wangu!", msije mkagongana vichwa. Halafu uegemee nyuma kuanzia kiunoni, uungoje, kisha uende nao.

"Usikubali ukupige," alimalizia kila mara. "Upige wewe. Na macho wazi, Tsuma, mpaka mwisho. Uuone ukiondoka."

Tsuma ndimi.

Hayo yote hakufundishwa na mtu. Baba yake alipofariki, Chirau alirithi kamba ya kukwelea na panga, akawa mkwezi na yeye kabla hajaota ndevu. Nyuma ya nyumba yao palikuwa na mnazi ulioinama. Alichukua makumbi, akayasokota na kamba ya usumba mpaka yakawa duara la kiasi cha mpira, akalining'iniza pale kwa urefu wa kurukia. Kila siku akitoka kazini, kabla ya sala ya alasiri, utamkuta anaruka. Mara mia, mara mia mbili. Paji lake la uso lilikuwa na ngozi ngumu kama kisigino. Mama yake, Bi Mwanapili, alikuwa akikaa barazani na mbuzi yake akikuna nazi, na kumpigia kelele kwamba ubongo utachuruzika puani. Alikuwa akicheka, siku hizo.

Mimi nilikuwa winga ya kulia. Sitajisifu. Chenga sikuwa nazo, na mguu wa kushoto niliutumia kupandia baiskeli tu. Nilikuwa na mbio, na nilijua kitu kimoja. Nilijua kuukimbiza mpira mpaka karibu na kibendera cha kona na kuupiga huku naenda, ukapanda, ukapinda kumkimbia golikipa, ukashuka mbele ya goli kwa kimo cha kichwa cha mtu aliyeruka. Kitu hicho kimoja hakikuwa na faida yoyote mpaka nilipocheza na Chirau. Wengine niliwapigia wakainama. Yeye hakuwa hata akinitazama. Alikuwa akiusikia mguu wangu ukigusa ngozi, na kwa sauti ile akajua uko wapi na utafika lini. Nikiinua macho, nilimwona yuko hewani tayari, mikono imetandaa, amepinda mgongo, na mpira unamwendea kama ulioitwa.

Nimeoa, nimezaa, nimejenga nyumba ya mawe. Furaha zote hizo Mungu amenipa na nazishukuru. Lakini ile ya kuupiga mpira ukajua kuna mtu mmoja duniani anaungojea, sijaipata tena, na mpaka leo naitamani hata nikiwa kwenye mkeka naswali, Mungu anisamehe.

Mwanzoni mwa mwaka wa sitini na tatu alikuja mtu kutoka klabu moja ya Mombasa, akatazama mechi mbili, akamwambia Chirau, "Mvua zikiisha, njoo tukujaribu." Mji mzima ulijua. Chirau akaendelea kukwea, lakini jioni zile alikuwa akiruka mara mia tatu.

Sasa nifike kwenye deheni, maana nimekuwa nikiizunguka.

Mpira wetu ulikuwa mmoja. Ulikuwa wa ngozi, una kibofu ndani na mdomo uliofungwa kwa kamba. Wakati wa kiangazi ulikuwa mzuri. Mvua za mwaka zikianza, ngozi ilikunywa maji, na kufika mapumziko ulikuwa mzito kiasi kwamba mabeki walikuwa wakiuogopa. Mwalimu Katana, aliyekuwa akitufundisha shule na pia kuisimamia timu yetu, alikuwa akiuanika jikoni kwake, na mkewe akilalamika.

Mimi kazi yangu ilikuwa kwa mjomba wangu, mtu wa Mkwiro aliyehamia Msambweni kutengeneza vyombo vya wavuvi. Nilichemsha shahamu, nikachanganya na chokaa, nikaipaka deheni hiyo kwa mkono chini ya vyombo ili maji yasipenye na wadudu wasile mbao. Mnaona wenyewe mambo yalivyokwenda. Nilikuwa na miaka ishirini na moja na nilijiona fundi. Nikajiambia, kama deheni inazuia bahari nzima, itashindwaje na mvua? Nikaomba mpira kwa Mwalimu Katana, nikaupaka mara mbili, nikauacha ukauke. Ulitoka mweupe, unang'aa. Nikautia ndani ya ndoo ya maji mbele ya timu, nikautoa, na maji hayakuingia hata tone. Wakanibeba juu! Hakuna aliyekumbuka kwamba chombo hakuna anayekipiga kwa kichwa.

Mechi ilikuwa dhidi ya timu ya Ukunda, vijana wa Kona ya Musa, mwezi wa Mei, wiki ya kampeni za uchaguzi. Malori yalikuwa yakipita na vipaza sauti, watu wameshika matawi, kila mmoja anaongea habari ya uhuru. Mvua ikanyesha tangu mpira uanze. Ngozi haikunywa maji, kweli. Lakini chini ya deheni ilikuwa imekakamaa kama ubao, na kila ulipogonga mchanga deheni ilipasuka, chokaa ikalainika, ikawa inatuachia uji mweupe miguuni. Kwa Chirau iliacha usoni. Nilimwona mara mbili tatu akijifuta macho kwa mkono wa shati.

Kipindi cha kwanza kikikaribia kuisha, golikipa wa Ukunda akaupiga mpira juu sana, ukapotelea kwenye mvua, ukaanza kushuka. "Wangu!" Chirau akasema, nasi tukampisha. Nilikuwa hatua chache kutoka kwake. Akaruka vizuri, na katikati ya kuruka nikaona uso wake unakunjamana, macho yanafumba. Ilikuwa ni ile chokaa. Mpira ukampata kwenye panja la kushoto, na sauti yake haikuwa sauti ya mpira.

Alianguka, akainuka. Mwalimu Katana akaingia mbio.

"Chirau, u mzima?"

"Mzima, mwalimu."

"Unaniona?"

"Nakuona."

Basi. Tukammwagia maji, tukamwosha macho, akarudi. Zama zile mtu akisimama kwa miguu yake alihesabiwa mzima. Kipindi cha pili kikaanza, akapata mpira, akaukimbiza kuelekea goli letu wenyewe. Uwanja mzima ukacheka. Tukamshika mabega tukamgeuza, na mimi nilikuwa mmoja wa waliocheka. Baadaye kidogo akanijia taratibu akaniuliza, "Tsuma, tunacheza na nani?"

Nilidhani ananitania. Nikamjibu, "Tunacheza na Waingereza, leo tunawatoa." Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa jibu alilolitaka.

Nilijua. Sitakaa hapa na mvi zangu niseme sikujua. Nilikuwa nimeyaona macho yake, na hayakuwa yakinitazama mimi, yalikuwa yakitazama kitu nyuma yangu. Lakini dakika kumi baadaye nilikuwa nimempita beki, niko kwenye kona, mpira mguuni. Ndani palikuwa na mwenzetu mwingine yuko peke yake, ningempasia chini. Na palikuwa na Chirau mahali pake. Nikampigia Chirau.

Aliruka kama siku zote. Goli lilikuwa zuri mno. Wenzangu walikimbia kwangu na mimi kwao, tukakumbatiana, tukaimba, na ni Mwalimu Katana aliyetupita mbio akituacha kwenye shangwe zetu. Chirau alikuwa amelala kifudifudi kwenye dimbwi, mikono ubavuni. Hakuwa ameinyoosha kujikinga.

Tulimbeba mpaka hospitali kwenye mlango tuliong'oa. Alikuwapo dresa mmoja wa kutibu vidonda anaitwa Jefwa, mtu mkali. Alituuliza mambo yalivyokuwa, na tulipofika kwenye ule mpira wa kwanza akatuinulia mkono tunyamaze.

"Aligongwa, akakimbilia goli lenu, mkamwacha aendelee?"

Mmoja wetu akasema kwamba mwenyewe alisema ni mzima.

"Mtu akigongwa kichwani akachanganyikiwa, hata kidogo, hata akisema ni mzima, atolewe akalale. Yeye si wa kuulizwa. Pigo la kwanza kichwa hulivumilia kikiachwa kipumzike. Ninyi mmempa la pili juu ya la kwanza." Akatutazama mmoja mmoja na nguo zetu zenye tope. "Nendeni. Kelele zenu hazimfai."

Siku tatu Chirau alilala kwenye chumba kilichofungwa madirisha. Alikula akilishwa. Bi Mwanapili alikaa naye, na siku zote tatu mwanawe alikuwa akimwita dada. "Dada, maji." "Dada, mama yuko wapi?" Yeye akawa anamjibu, "Anakuja, mwanangu." Siku ya nne asubuhi akamwambia, "Mama, mbona umekonda?" Bi Mwanapili akatoka nje, akashika ukuta, akalia kwa sauti mpaka wagonjwa wakatoka kumtazama.

Siku aliyorudishwa nyumbani tulikwenda timu nzima. Bi Mwanapili akamketisha mwanawe kwenye kiti, akamwekea kiganja kwenye paji la uso, akasema mbele yetu wote, "Chirau, ukiupiga tena mpira kwa kichwa hiki, radhi yangu huna, duniani wala akhera. Na mnazi hukwei tena."

Mtu wa kwetu akishatamkiwa hivyo na mzazi, mambo yamekwisha. Hakuna shehe wa kumwendea wala mzee wa kusuluhisha. Mvua zikaisha, yule mtu wa Mombasa akaja, akaambiwa, akaenda zake. Madaraka yakaja mwezi wa Juni, tukacheza ngoma. Desemba bendera ikapandishwa, tukacheza tena. Chirau alikuwa akikaa nyuma ya nyumba amesimamisha kifuo chake, kile kigingi cha chuma cha kuchania makumbi, anafua nazi walizoangua wenzake. Alifanya kazi hiyo ameinama kutwa. Watu wakasema mama yule amemfanya mwanawe mwanamke. Mimi nilisema hivyo zaidi ya wote.

Baada ya mwaka alirudi kucheza, kwa miguu tu. Mama alikubali miguu. Mwalimu Katana akampanga katikati, mipira ya chini, na alikuwa mzuri wa kutosha. Lakini mipira ya juu ikija alikuwa akiinamisha kichwa, anarudisha mikono nyuma, anaiacha ipite. Kuiona ilikuwa ikiniuma kuliko kufungwa. Nikawa namwomba, "Nenda kwa mama, mpigie magoti." Ananijibu, "Mama hataki, Tsuma." Kila mara maneno hayo hayo, kwa upole ule ule.

Siku ya Jamhuri, Desemba ya sitini na nne, wenye maduka wa Ukunda walitoa kombe. Tulifika fainali, sisi na haohao wa Kona ya Musa. Wakatufunga moja. Zimebaki dakika mbili, nikapata mpira, nikakimbia, na sikufikiri. Mguu ulijipiga wenyewe. Ilikuwa krosi bora kuliko zote nilizopata kupiga maishani. Ilimpita golikipa, ikampita beki, ikashuka pale pale palipokuwa pa Chirau, na kwa bahati mbaya pale pale alikuwa amesimama yeye. Goli tupu. Angeugusa tu.

Akainama. Mpira ukapita juu ya nywele zake, ukatoka nje upande wa pili, na refa akamaliza.

Nililia mbele za watu. Na katika kulia nilisema maneno kuhusu Bi Mwanapili ambayo siwezi kuyarudia. Nilimwita mchawi, na hilo ndilo lililokuwa jepesi. Chirau aliniacha nikasema yote. Kisha akavua viatu, akaenda zake kwa miguu.

Kesho yake asubuhi nilikwenda nyumbani kwao. Chirau alikuwa ametoka kupeleka nazi. Mama yake alikuwa barazani, juu ya mbuzi yake, anakuna.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Tsuma. Karibu uketi."

"Sikuja kuketi."

Akaendelea kukuna. Nikayatoa yote. Nikamwambia amemzika mtoto wake akiwa hai. Nikamwambia Mombasa kuna watu wanacheza na hawafiki hata kwenye kiatu cha Chirau. Nikamwambia mama anayempenda mwanawe humfungulia mlango, na yeye ameufunga na ufunguo ameumeza.

"Umekwisha?" akaniuliza.

"Nimekwisha."

"Basi keti sasa."

Nikaketi.

"Mwanangu Chirau nilimrudishia radhi yake siku ya Idi ya mfungo," akasema. "Mwezi wa pili, mwaka huu huu. Alikuja kunibusu mkono, nikamshika nikamwambia, baba, nimekufungulia. Nenda kaupige mpira wako, nenda kakwee. Roho yangu itakuwa juu juu, lakini nenda. Maana nilikuwa nimechoka kumwona anainama tu."

Nilidhani sijasikia vizuri. "Mama, lakini jana…"

"Ngoja nimalize. Alilia, Tsuma. Akaniambia, mama, hata ukinipa radhi za wazazi wote wa dunia, mimi nikiinua macho juu naiona mipira miwili. Minazi naiona miwili miwili, sijui nipande upi. Nikiinama naona sawa. Nikiinua, kila kitu kinajigawa." Akachukua kipande kingine cha nazi. "Dresa Jefwa amemtazama, na daktari Mzungu aliyekuja amemtazama. Wamesema imeshakuwa hivyo, haitapona."

"Mbona hakutuambia?"

Hapo aliacha kukuna.

"Aliniomba niendelee kuwa mimi niliyemkataza. Nikamwuliza, kwa ajili ya nani? Akasema, kwa ajili ya Tsuma. Tsuma ndiye aliyeupaka mpira, na Tsuma ndiye aliyenipigia ule wa mwisho. Akijua macho yangu yameharibika, hatapiga tena krosi maisha yake. Afadhali akuchukie wewe, mama. Wewe utavumilia."

Kuku walikuwa wakiparura kwenye makumbi na nilikuwa nawatazama wao.

"Nami nimevumilia," akasema Bi Mwanapili. "Napita sokoni wanawake wenzangu wananong'ona. Nimevumilia. Lakini jana umenitukana mbele ya mji, na leo umenifuata nyumbani kwangu, na mimi pia ni mtu." Sauti yake ikawa ndogo. "Siku ile hospitali, ni mimi niliyemwosha uso. Ile chokaa niliijua ni ya nani. Msambweni hii anayechemsha deheni ni mjomba wako peke yake. Nimewahi kukuuliza?"

"La, mama."

"Basi."

Nikapiga magoti pale kwenye vumbi la nazi, nikamwomba anisamehe. Alinipa mkono nikaubusu, umelowa tui. Aliniambia nisimwambie Chirau kwamba ameniambia. Nilikwenda ufukoni, nikakaa nyuma ya chombo cha mjomba, na nilitamani kitu kimoja tu, kwamba siku ile ya mvua ningempasia yule mwingine, chini, tukakosa goli, tukafungwa hata kumi.

Jumanne iliyofuata tulikuwa na mazoezi. Nilikuwa nimeapa nitakuwa kama kawaida. Nikakimbilia kona, nikampasia chini. Akapiga. Nikampasia tena chini. Mara ya tatu aliukanyaga mpira ukasimama. Wenzetu wengine walikuwa wamekwisha anza kuondoka kwenda kuoga.

"Mama amekwambia," akasema.

"Ameniambia nini?"

"Tsuma, wewe hujawahi kupiga mpira wa chini tangu uzaliwe."

Nikaanza kusema samahani. Akaninyamazisha kwa mkono. Hakuwa na hasira, na ningeshukuru kama angekuwa nayo.

"Nipigie juu," akasema.

"Chirau, siwezi."

"Sitaugusa. Nitasimama kando. Wewe nipigie tu, kama zamani."

Akaenda mbele ya goli. Akasimama mahali pake, kisha akasogea hatua mbili upande, akainamisha uso, macho yake akayatuliza kwenye mchanga. Mimi nikauchukua mpira, nikarudi nao mpaka kwenye kibendera. Nikakimbia nao hatua saba, nikaupiga.

Alipousikia mguu wangu hakutikisika. Akangoja. Akangoja tena, na nilipodhani amekwisha chelewa, akaruka. Mikono ikatandaa, mgongo ukapinda kuanzia kiunoni, shingo ikakazika, na akaenda mbele na paji la uso lake sawasawa na wakati mpira ulipokuwa ukipita hatua mbili ubavuni mwake. Sekunde ile ile. Hapakuwa na kitu pale alipopiga, na alipiga barabara. Akatua kwa miguu yote miwili, uso bado ameuinamisha.

"Umeingia?" akaniuliza.

Mpira ulikuwa umevuka uwanja, umekwenda kuzama kwenye michongoma upande wa pili.

"Umeingia," nikamwambia.

"Upande gani?"

"Wa kushoto. Chini kabisa. Golikipa hakuuona."

Akatabasamu, akajifuta paji la uso kwa kiganja. "Lete mwingine," akasema, nami nikaenda kuutafuta mpira.